Mfuko Upande wa Kulia

Miaka ile ukiona watu wamejipanga mbele ya mlango wowote hapa Babati, unajipanga kwanza, kuuliza ni baadaye. Labda sabuni imeingia, labda sukari, labda betri za redio. Utajua ukifika mbele. Ukisimama kuuliza, aliye nyuma yako ameshachukua nafasi. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama asubuhi nzima nikatoka na mafuta ya taa wakati sikubeba hata chupa, nikaazima chupa na kurudi nyumbani nimefurahi. Kwa hiyo leo siwalaumu watu kwa yaliyonikuta. Wakati ule niliwalaumu sana, tena kwa sauti.

Nilikuwa nimefungua kazi ya kushona pale Maisaka, kwenye chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga. Cherehani alininunulia mama yangu. Aliuza ng'ombe wake wa maziwa kule kwetu juu, Mbulu, ng'ombe aliyemkamua kwa mikono yake mwenyewe, ili mimi nisije nikazeeka na jembe kwenye miteremko kama yeye. Kila nilipokanyaga pedali nilimwona mama anakunywa chai ya rangi. Cherehani ile ikipotea, ningeenda kumwambia nini?

Vitambaa madukani havikuwapo. Lakini mimi nilikuwa na kazi yangu kichwani, kazi ya kugeuza. Chukua koti la sufu lililopauka. Ukilifumua lote, upande wa ndani unakuta rangi iko vilevile kama siku lilipotoka dukani. Unageuza kila kipande, ndani kunakuwa nje, unashona upya, na mwenyewe anaondoka na koti linalong'aa bila kuongeza hata shubiri ya kitambaa. Huku kwetu baridi si ya mchezo, na wazee wengi walikuwa na makoti waliyonunua zamani, mambo yalipokuwa mazuri. Nikasema, hapa nitakula.

Mume wangu ni seremala, ila moyoni anajiona mwandishi wa mabango. Aliniandikia ubao mkubwa: NGUO HAPA. Nikaweka benchi nje, na jirani zangu wachache wakaja kukaa wakinisubiri na makoti yao mapajani. Basi, wapita njia wakaona ubao, wakaona benchi, wakaona watu. Kufika saa sita mstari umefika kona. Watu wamekuja na vikapu, wananiuliza khanga ni ngapi kwa kila kaya. Nikawaambia sina khanga, sina kitambaa, nageuza nguo zao wenyewe. Wakanitazama kwa adabu, wakaendelea kusimama.

Lazima ukumbuke neno "hakuna" lilikuwa na maana gani siku zile. Mwenye duka alikuambia hakuna huku nyuma ya pazia mtu anamfungia shemeji yake. Hakuna ilikuwa na maana kwamba ipo, ila si yako. Mimi sikulifikiria hilo, na mume wangu ndiyo kabisa. Akachukua brashi, akaongeza chini ya ubao kwa herufi nyekundu: VITAMBAA HAKUNA. Ee Mungu wangu. Kesho yake mstari ulikuwa mara mbili. Mtu asiye na kitu, walisema, anatangazia nini?

Nikapandisha hasira. Mimi sina subira, na aliyekuja na kikapu siku ile aliyasikia. Mama mmoja aliyetembea kutoka Bonga alfajiri akaniambia nina roho mbaya, nawauzia ndugu zangu tu. Maneno hayo yakashuka mjini, na yalipopanda tena kwangu, eti nimeficha majora ya vitambaa uvunguni.

Ndipo akaja mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee mpole, mrefu, amevaa koti lake la kahawia ambalo mabega yalishakuwa meupe kwa jua. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akaniambia ukweli bila kuzunguka: walanguzi wanasakwa, jina langu liko midomoni mwa watu, na mgambo wakija hawatachagua.

"Watabeba hata cherehani, mwanangu," alisema. "Kuirudisha sitaweza."

Nikamwambia apekue. Akapekua kweli, akainama uvunguni na magoti yake mabovu, akafunua debe la unga, akatazama hadi nyuma ya picha ya harusi. Mume wangu akasema yeye anaona tuandike ubao mwingine, wa maelezo zaidi. Nikamwambia akigusa tena ile brashi atalala kwenye karakana yake.

Mjumbe akajikung'uta unga. "Mimi nimeona," alisema. "Wale walioko nje hawajaona."

Nikatazama watu mlangoni, nikatazama yale mabega meupe. Nikamwomba anivulie koti lake. Alisita, na nilimwelewa. Lilikuwa koti lake la pekee, la kanisani, la mikutano, la misibani. Akavua polepole, akabaki na shati lenye kola iliyoliwa, akaketi kwenye benchi nje mbele ya watu wote. Mimi na mume wangu tukaibeba cherehani tukaiweka pale pale juani.

Nikashika wembe, nikaanza kulifumua koti. Watu wakaguna, mmoja akasema naharibu mali ya mzee. Niliogopa kuliko wao. Nikatoa mkono mmoja, nikaugeuza, nikaushona, nikaupiga pasi ya mkaa, kisha nikauinua juu pamoja na ule mwingine ambao sikuugusa. Mmoja mweupe wa vumbi na jua, mmoja kahawia kama kahawa iliyokaangwa sasa hivi.

"Kitambaa mnachokitafuta mmekivaa," niliwaambia. "Leteni hicho."

Mama wa Bonga, ambaye alikuwa amerudi kunitolea macho, akachukua ule mkono, akaupapasa ndani na nje, akauliza kama naweza pia gauni. Mstari ukavunjika. Wengine waliondoka wakinung'unika, wengine walikwenda kwao na kurudi na makoti kwapani.

Koti la mjumbe nililimaliza kesho yake. Akalivaa, akapeleka kalamu kifuani kushoto, mkono ukateleza. Nilikuwa nimesahau kumwambia. Mfuko ule umekatwa ndani ya kitambaa chenyewe, na koti likigeuzwa unahamia kulia, na vifungo vinafunga kike. Nikamweleza, nikangoja karipio. Akajaribu mara mbili, akachomeka kalamu kulia, akaenda zake.

Yule mzee ndiye aliyenitangaza. Kila mkutano aliulizwa mbona mfuko uko huko, na kila mkutano alieleza kuanzia kwenye wembe. Baada ya muda nilikuwa nikitoka Jumapili nayaona makoti yangu mlangoni mwa kanisa, na Ijumaa mbele ya msikiti, yote mifuko kulia. Ule ubao mume wangu aliufanya rafu ya vyombo. Na mama yangu nilimnunulia ng'ombe mwingine, akanywa tena chai ya maziwa, ya ng'ombe wake.

Serikali ilipofungua madirisha ya biashara na vitambaa vikajaa sokoni, kazi ya kugeuza ilipungua, nikashona vipya kama mafundi wengine. Siku moja mjumbe akaja, amezeeka, amekumbatia kitambaa kipya cha kijivu. Nikampima, nikamuuliza anataka mshono gani.

"Wowote," alisema. "Ila mfuko uweke kulia."

Nikamwambia mzee, hili ni jipya, watu watadhani limegeuzwa.

"Ndipo wataniuliza," alisema.

Nikachukua mkasi, nikakata mfuko upande wa kulia.