Siku Nilipomwamkia Mkwe Golini

Shule nilikaa miezi mitatu tu. Kahawa yangu, ng'ombe wangu na nyumba ya bati vimetoka katika mikono hii, kwa hiyo sioni haya kusema lililonishinda. Lilinishinda bao moja, enzi za Mjerumani.

Mwaka ule maboma matatu yalishindania kikombe: Arusha, Moshi na Kondoa. Kila boma lilichezesha wafanyakazi wake. Mimi nilibeba mawe boma la Arusha, na kwa mbio hapakuwa na wa kunishika. Watu wa Kondoa walikuja kwa miguu, siku nyingi, wakafika nyayo zimevimba. Tukawafunga bila huruma, na Moshi nao wakawafunga. Tukabaki sisi na Moshi, tukutane kwetu, kwenye uwanja walipokuwa wakifungwa maksai wa serikali.

Sasa, mlinda lango wa Moshi alikuwa baba wa msichana niliyemposa. Nyumbani kwake ni upande wa Momela, ila alikuwa akichunga ng'ombe wa boma la Moshi. Mtu mpana, mkono kama mchi. Asali ya posa nilikwisha kuipeleka, kibuyu kizima, na jibu lilikuwa bado. Binti mwenyewe alikuja kutazama. Alisimama na mama yake kando ya migomba, shanga nyeupe shingoni. Nilimwona yeye kabla sijauona mpira. Mpaka leo nikifumba macho naziona shanga zile.

Jua likaanza kushuka, hatujafungana. Nikapewa mpira, nikawapita wawili, mbele yangu akabaki mzee peke yake. Kwetu mkwe hupishwa njia, humrushii kitu hata kwa mchezo. Mguu ukakataa. Nikausimamisha mpira, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Akanigusa utosini, kama ilivyo desturi. "Marahaba, mwanangu." Kisha akauokota mpira, akaupiga mbali. Wenzangu walikuwa bado wameduwaa, Moshi wakafunga.

"Wewe ulikuja kucheza au kuamkia watu?" mwenzangu mmoja akaniuliza. Kikombe kikaenda Moshi, nami nikajiambia, na kiende, mke nimepata.

Baada ya siku chache kibuyu changu kikarudi, kitupu, kimeoshwa. Aliyekileta alikuwa mdogo wa yule mzee, akaniambia maneno ya kaka yake bila kupunguza: "Asali ilikuwa tamu. Lakini nilitaka kumtazama mwanamume usoni, naye akanionyesha utosi."

Binti akaolewa Machame. Mimi pia nimeoa, nimezaa, mke wangu ni mwema na sina la kumlaumu. Lakini siku za mechi, wajukuu wakipiga kelele uwanjani, mimi huangalia kando, wanakosimama wanawake.

Binti yule nilimwona tena mara moja tu, sokoni Arusha, mvi zimekwisha kumwanza. Alikuwa akiuza ndizi. Nikanunua mkungu nisiouhitaji.

"Baba alitaka upige," akasema, huku akinifungia mkungu kwa kamba.

"Na wewe?"

Akakaza fundo. "Mimi nilikuwa nikiomba upige."

Kibuyu ninacho, kimetundikwa ukutani. Wajukuu huniuliza kwa nini hakitiwi maziwa. Nawaambia kinavuja.

Hakivuji.