Jumapili Niliyoijaza Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vya kanisani. Nilidhani mtu aliyeajiriwa kusoma vipimo vya hali ya hewa hukaa mezani. Kituo cha Rhotia, nyanda za juu za Karatu, kilikuwa kiwanja kidogo cha nyasi kilichozungushiwa seng'enge, mahindi upande mmoja na maharage upande wa pili, na nyasi zenyewe zilikuwa zimelowa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mkuu wa Kituo, mzee wa Kichaga aliyekuja kutoka Kilimanjaro kwa miezi sita na hakurudi tena, aliitazama miguu yangu kabla ya uso wangu.

"Umande wa hapa utavila hivyo viatu, binti," alisema. "Kesho uje na mabuti."

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu. Nayaandika haya kwa sababu mwaka huu nusura miaka yangu yote ya Rhotia itupwe, na mimi si mtu wa kukaa kimya kitu changu kikitupwa. Lakini kwanza lazima mjue kazi yenyewe ilivyokuwa, ninyi mnaotazama mvua ya kesho kwenye simu.

Ndani ya kiwanja kile kulikuwa na mkebe wa shaba wa kukingia mvua, na kisanduku cheupe cha mbao chenye miguu mirefu. Mbao zake ziliachiwa nafasi ili upepo upite na jua lisiingie. Humo ndimo vilimokaa vipimajoto. Kimoja kilitunza joto kubwa la mchana, kingine baridi kubwa ya usiku. Hicho cha usiku ndicho nilichokipenda. Katika kioo chake mna spiriti na kijiti cheusi chembamba. Hewa inapopoa, spiriti hurudi nyuma ikikivuta kijiti. Kukipambazuka na joto likapanda, spiriti hupita pembeni na kukiacha kijiti pale baridi ilipofikia. Saa tatu kamili asubuhi unakisoma, unaandika daftarini kwa wino, halafu unakiinamisha kioo ili kijiti kirudi mwanzo. Ukikosa siku moja, kesho yake kitakuonyesha usiku ule uliokuwa baridi zaidi kati ya miwili, wala hakitakuambia ni upi. Siku uliyokosa unaiachia mstari mtupu.

"Ukiinama, unaiba nyuzi," Mkuu wa Kituo alinifundisha, akinishika bega kuninyoosha. "Ukisimama kwa vidole, unaongeza zisizokuwepo. Jicho liwe sawasawa na kijiti. Na ukiandika umeandika. Kwetu hapa hakuna kufuta."

Alipostaafu nikabaki peke yangu na daftari. Kwa miaka mingi niliandika nilichokiona, na nilichokiona hakikunifurahisha. Tulipokuwa watoto Rhotia, mwezi wa saba ulikuwa mwezi wa kulala wawili wawili chini ya blanketi moja na kugombea katikati. Sasa usiku ulikuwa umelegea. Mbu, ambao zamani tulisikia habari zao kwa watu wa Mang'ola tu, bondeni kwenye joto, walianza kuimba vyumbani mwetu. Mvua za kupandia zilifika zikiwa zimechelewa, au zikafika kwa siku mbili kwa kishindo, zikabeba udongo na mbegu, zikaondoka. Bwana shamba, kijana mzuri tu aliyetumwa akiwa na jedwali la zamani la wastani wa hali ya hewa mkononi, aliitisha mikutano akawaambia majirani zangu kwamba mahindi yanakauka kwa sababu wanachelewa kupanda. Kwa ufupi, wavivu. Niliwaona wanaume walioamka saa kumi na moja kila siku ya maisha yao wakiinamisha vichwa, na hasira niliyoipata siku hiyo sijaimaliza.

Ndiyo maana ninaona aibu kueleza kosa langu, lakini nitalieleza.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, mtoto wa dada yangu alipata kipaimara Mbulu, nami nilikuwa msimamizi wake. Ilibidi niondoke Jumamosi na kulala huko mpaka Jumatatu alfajiri. Sikuwa na wa kumwachia funguo. Nilijua sheria: Jumapili iachwe mstari mtupu. Lakini ofisi ya kanda ilichukia mistari mitupu. Kila mmoja ulidai barua ya maelezo, na barua mbili ziliweza kukutia matatani. Basi Jumamosi, baada ya kupima, gauni langu likiwa limeshapigwa pasi na gari likinisubiri barabarani, niliijaza Jumapili kabisa. Nilifunua jedwali la wastani wa zamani lililobandikwa ukutani, nikaona mwezi wa saba, usiku, nyuzi nane. Nikaandika nane. Nikafunga mlango nikaenda kusherehekea.

Jumatatu saa tatu nilikuwa mbele ya kisanduku. Kijiti kilisimama kwenye kumi. Maana yake, katika usiku ile miwili hakuna hata mmoja ulioshuka chini ya kumi. Na Jumapili yangu ya nane ilikuwa imekaa daftarini kwa wino, haifutiki. Nikaandika kumi chini yake, nikafunga daftari, nikaomba Mungu asije mtu mwenye akili.

Mwezi uliofuata alikuja Mkuu wa Kanda mwenyewe kwa Landrova. Sitamtaja jina, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ripoti ya kupeleka juu, na huko juu namba isiyofanana na za zamani hurudishwa kwa aliyeileta. Aliketi kwenye kiti changu akalifungua daftari.

"Dada Paskalina, huu mwezi wa saba ni wa Rhotia au wa Mang'ola?"

"Wa Rhotia, Mkuu."

"Rhotia mwezi wa saba ni nane. Ukutani kwako imeandikwa. Wewe umeniletea kumi, kumi, kumi na nusu, kumi. Kipimajoto kimeharibika, au ni macho?"

"Kipimajoto ni kipya, mlikileta ninyi. Na macho yangu bado yanatunga uzi kwenye sindano."

Kidole chake kilishuka na ukurasa, kikasimama. "Hii je? Jumapili. Nane. Angalau siku hii ulipima kama mtu aliyefundishwa." Akatoa daftari jipya mkobani, akaliweka mbele yangu. "Tufanye hivi. Unakili mwezi wote upya humu. Hizi nyingine uzishushe zikaribiane na hii, taratibu, isionekane. Nitalipitia kesho."

Niliitazama ile nane. Katika mwezi mzima, siku pekee aliyoisifu ndiyo siku ambayo sikuwepo. Ningenyamaza, mambo yangekwisha salama. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume mwenye kifua kibovu. Nilinyoosha mkono kulichukua daftari lake, siwezi kudanganya. Halafu nikawaona akilini wale wanaume wa mkutanoni, vichwa chini, na jedwali lile lile likisomwa juu yao.

"Mkuu, hiyo nane sikuipima."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa Mbulu kwenye kipaimara. Niliijaza kabla sijaondoka."

"Uliitoa wapi?"

"Kwenye jedwali lako hapo ukutani."

Alilifunga daftari langu. "Unajua ninaweza kukufukuza kazi?"

"Najua. Mimi nimekosa siku moja. Wewe unaniomba nikose thelathini zilizobaki."

Alinitaka niandike maungamo yangu kwa mkono, nikayaandika ukurasa mzima, nikatia sahihi. Daftari lake jipya nilimrudishia likiwa halina hata nukta. Nilipewa barua ya onyo, na baada ya wiki tatu nikahamishiwa Mang'ola kama adhabu.

Kama walidhani joto la Mang'ola litanilainisha, walikosea. Huko kazi yangu ilikuwa sinia la mvukizo, yaani karai pana la bati unalolijaza maji na kupima kila asubuhi jua na upepo vimekunywa kiasi gani. Karai langu lilinywewa kila mwaka zaidi. Hapo hapo jirani, mashine za dizeli zilivuta maji ya chemchemi kupeleka kwenye vitunguu, kila mkulima na mashine kubwa kuliko ya mwenzake, na miti ya kandokando ilikatwa ili shamba lisogee hatua mbili. Nilimwambia mama mmoja mwenye ekari zake pale kwamba wanayamaliza maji kwa mikono yao wenyewe. Akanijibu, "Dada, jua linayachukua yote hata tusipoyagusa. Afadhali yapite kwenye kitunguu kwanza." Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ngorongoro, juu kwenye ukingo wa kreta, ambako ukungu huingia mpaka jikoni. Jirani yangu alikuwa mama wa Kimaasai tuliyemwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yake, mfugaji, mwenye maneno machache. Alinionyesha ndama aliyevimba tezi za shingo. "Hii ndigana," alisema. "Wakati wa mama yangu, kupe wa ugonjwa huu alikaa chini, bondeni. Huku baridi ilimkataa. Sasa amepanda hadi kwetu." Nililinganisha maneno yake na daftari langu na nikaona tulikuwa tunapima kitu kimoja, yeye kwa ndama, mimi kwa kijiti.

Sasa ninyi vijana mtaniuliza sababu, na hapa ndipo watu wazima wengi huanza kutafuna maneno. Mimi sitafuni. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa viwandani, kwenye mitambo ya umeme, magarini na kwenye ndege hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hukaa juu yetu na kuzuia joto la ardhi lisitoke. Ndiyo maana nilikipenda kipimajoto cha usiku: mchana jua laweza kukudanganya, lakini usiku jua halipo, na joto likibaki ujue kuna kitu kimelishikilia. Msitu ungeivuta sehemu ya hewa hiyo, nasi msitu tumeukata. Simwachi mtu nje. Nimepika kwa mkaa miaka mingi, na mistari ya magari ya watalii kwenye geti la Ngorongoro ndiyo iliyowalipia ada nusu ya watoto wa Karatu. Lakini asije mtu akaniambia kwamba mama mwenye mzigo wa kuni mgongoni na mfugaji mwenye ng'ombe kumi ndio walioipasha dunia joto. Waliochoma vingi wako mbali, wanaishi vizuri, na mahindi yanayokauka si yao. Hilo nimelisema mikutanoni, nimelisema mbele ya padre, na nitaendelea kulisema.

Nilistaafu nikarudi Rhotia. Kwenye kiwanja changu cha zamani wameweka mashine inayojisomea na kutuma namba yenyewe. Sina ugomvi nayo, haiendi kwenye kipaimara. Nikadhani yangu yamekwisha, nilime maharage yangu.

Mwaka huu alinipigia simu ofisa mmoja wa hali ya hewa, binti wa heshima, kutoka Arusha. Walikuwa wanaingiza madaftari ya zamani kwenye kompyuta ili ijulikane nyanda zetu za juu zimepata joto kiasi gani. "Bibi, shikamoo. Naona kwenye faili lako kuna barua ya kukiri kughushi. Utaratibu unasema kituo cha namna hiyo kiondolewe chote. Nimeona si vizuri usikie kwa watu."

Nilimwitikia marahaba, nikamwambia asiguse kitu. Asubuhi iliyofuata nilipanda basi.

Ofisini alinipa kiti na chai. Madaftari yangu yalikuwa mezani, yameanza kuliwa kingo. "Mkiyatoa haya," nilimwambia, "Rhotia haina usiku hata mmoja wa miaka ile. Atakuja mtu na jedwali la zamani aseme hakuna kilichobadilika, watu ni wavivu. Ndicho mnachotaka?"

"Hapana, Bibi. Lakini nitajuaje kwamba ulidanganya siku moja tu?"

"Fungua mwezi wa saba. Tazama Jumatatu. Ni kumi, na ni ya usiku miwili, kwa hiyo nane ya Jumapili haiwezekani. Ningetaka kuificha ningeandika nane Jumatatu pia, na wewe usingejua mpaka kufa kwako. Nenda kwenye mafaili ya vituo vingine, unitafutie wangapi walioandika barua kama yangu. Usipoipata hata moja, usidhani ni kwa sababu hawakusafiri."

Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Alifunua kurasa kwa muda mrefu, akilinganisha siku na siku, mwezi na mwezi. Chai yangu ikapoa. Hatimaye aliigeuza kompyuta upande wangu, akasogeza kimshale mpaka kwenye ile Jumapili.

"Bonyeza hapa, Bibi. Iondoe mwenyewe. Nyingine zibaki."

Nikabonyeza. Nane ikatoweka, pakabaki mstari mtupu. Mwezi ule wa saba sasa una siku thelathini, na zote nilizipima.