Mtihani wa Macho wa Wifi Yangu

Wifi yangu, fundi cherehani, zamani alikuwa na macho ya kumwona siafu akipiga miayo upande wa pili wa barabara. Msinicheke, nilikuwepo. Halafu mtoto wa jicho akaingia, akatandaza ukungu, akajifanya mwenye nyumba. Hospitali wakasema tusubiri, tutaitwa. Tukasubiri. Jicho la kushoto likazimika kabisa, sisi bado tunasubiri. Likabaki la kulia, nalo kila kukicha linafifia. Akawa anashona kwa kupapasa. Mteja wake mmoja alipewa suruali yenye mfuko kiunoni na mwingine gotini, akaivaa hivyo hivyo kazini, kwa heshima tu.

"Wifi," aliniambia, "na hili likienda, mimi nitakuwa mtu wa kuwekwa pembeni kama mtungi."

Hicho ndicho kilichomnyima usingizi, si kisu cha daktari.

Mwisho tukaitwa. Daktari wa upasuaji amekuja, na kesho yake anaondoka. Korido imejaa wazee mpaka benchi linaguna. Tulikaa pale hadi nikaota mizizi. Nilipoinuka kwenda msalani, ubao wa benchi ulitaka kunifuata.

Nyuma ya pazia kulikuwa na nesi, na ukutani karatasi yenye alama kama uma wa meno matatu. Anakuuliza meno yanatazama wapi, nawe unaonyesha kwa mkono na kutamka. Pazia lenyewe jembamba, sote tunasikia: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Waliojibu vizuri walitoka kwa njia yetu. Waliobabaika walipelekwa mlango wa ndani, na hakuna aliyerudi.

"Wale wamefeli," wifi akaninong'oneza. "Wanatolewa kwa nyuma wasione aibu."

"Hospitali gani hiyo inayofukuza vipofu?"

"Na wewe umesoma wapi hata ukajua mambo ya mitihani?"

Hapo aliniweza. Sote wawili shule tuliiona siku ya kupeleka sare alizoshona.

Akatega sikio kwenye pazia. Nikaona midomo inacheza. Sasa, huyu mtu hajawahi kuandika kipimo cha mteja. Kiuno, bega, urefu wa mkono, vyote anavibeba kichwani. Ile karatasi aliimeza kama vipimo vya gauni.

Jina lake lilipoitwa, akaingia. Nikasikia sauti yake inatiririka kama cherehani kwenye pindo, mstari kwa mstari.

"Hee! Bibi!" nesi akasema. "Mpaka mstari wa mwisho? Huo hata mimi naukisia! Wewe bado sana. Nenda nyumbani, tutakuita duru ijayo, daktari akirudi."

Wifi akatoka anang'aa. "Nimefaulu!"

"Umepewa nini?"

"Ameniambia niende nyumba..." Neno likamkwama. Jicho la kushoto lilizimika tukiingojea hiyo hiyo duru ijayo. Akanishika mkono, kucha zikazama. "Wifi, nimejifanyia nini?"

Nikamburuta nyuma ya pazia bila hodi.

"Mwanangu, huyu haoni. Amekariri."

Nesi akakunja uso. "Bibi, kila mtu hapa anataka kuruka foleni. Sasa hivi ameona vidude vidogo kama chawa, mara haoni?"

"Nilidhani mnawachukua wanaofaulu," wifi akasema.

Nesi akamtazama. Kisha akaenda ukutani, akaichomoa ile karatasi taratibu, akaificha mgongoni. Ukuta ukabaki mtupu, na msumari wake.

"Haya, bibi. Nionyeshe kama ulivyofanya mwanzo."

Wifi akajiweka sawa. Mkono ukapanda. "Juu. Kulia. Chini. Chini. Kushoto." Anauonyesha ule msumari kwa moyo wote, jasho linamtiririka, hataki kukosea hata moja. Mimi niliyezoea kucheka misibani nilishindwa.

Alipofika mwisho akauliza, "Kuna nililokosa?"

"Hapana, bibi," nesi akasema polepole. "Keti."

Daktari akaja na tochi yake. Akamulika lile la kulia, akamulika tena, akaguna. "Hili halingoji. Leo hii hii."

Wifi akachomoa kifuani mwa gauni ile sindano yake ya kushonea isiyombanduka, akanikabidhi pamoja na uzi. Kwenye mlango wa ndani akasita.

"Wifi, si huku walikotupwa wale?"

"Huku huku. Hongera, umefeli."

Akacheka kidogo, mlango ukafungwa.

Nikarudi kwenye benchi. Babu mmoja jirani yangu midomo ilikuwa inacheza, juu, kulia, chini. "Babu," nikamwambia, "ukijua sana utarudishwa nyumbani." Akafunga kinywa kwa viganja viwili.

Kisha nikasema nimtungie uzi wifi, akitoka aikute sindano tayari. Tundu naliona vizuri kabisa. Uzi hauingii. Nikaulowesha mate, nikajaribu tena, macho yanakimbilia ule mlango.