Nilivyomzika Bi Arusi kwa Kufuta Herufi Moja

Nilitaka mkasa huu ubaki kati yangu na Mungu, maana Yeye husamehe na hasimulii, lakini kwa kuwa nusu ya Machakos inausimulia vibaya (wengine wanadai nilikuwa nimelewa, mimi ambaye sijaonja pombe tangu niokoke), afadhali aibu yangu niiseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, wakati modemu za kuchomeka ubavuni mwa kompyuta zilikuwa ndiyo kwanza zinafika mjini. Nilikuwa nimestaafu baada ya kufundisha Kiswahili maisha yangu yote, nina afya, Mungu asifiwe, na sina la kufanya. Mpwa wangu Nduku, aliyekuwa fundi wa programu katika ofisi moja ya Athi River, akaanza kuja kila Jumamosi kunifundisha kujenga tovuti ya kanisa letu.

Alinieleza kwamba tovuti ya siku hizi hairundikwi kama nguo chafu, bali hugawanywa sehemu tatu, nami nikaelewa upesi kwa sababu hata kanisa liko hivyo. Kuna modeli, ndiyo kabati la kumbukumbu. Kuna kontrola, ndiye karani anayepokea ombi na kwenda kabatini. Halafu kuna mwonekano, ndio ubao wa matangazo unaosomwa na watu. Vyote hivyo vilikaa ndani ya fremuweki, yaani nyumba ambayo mwingine ameshakuwekea nguzo na paa, wewe unamalizia kuta. (Fremuweki yenyewe ilikuwa ya Kizungu: ukiipa neno "tangazo" inatengeneza wingi wake "tangazos", na mara ya kwanza kuiona hiyo "s" chai ilinishinda kunywa.)

Sasa, Jumatano moja asubuhi, nikiwa peke yangu, nikafungua ule ubao nijipitishie macho. Nikakuta mahali Nduku ameagiza hivi: aina ya tangazo ikiwa "harusi", andika "Kwa furaha kubwa", la sivyo, andika "Kwa huzuni kubwa", na mwishoni "Mungu awafariji jamaa zao". Aina zilikuwa mbili tu, harusi na msiba, kwa hiyo isiyokuwa ya kwanza ni ya pili. Mimi sikuona hayo yote. Niliona "h". Hiyo "h" nimeikata kwa kalamu nyekundu maisha yangu yote darasani, "arusi, watoto, arusi!" (najua kamusi zinakubali yote mawili, msinipigie simu), basi nikaifuta, nikahifadhi, nikamshukuru Mungu kwa macho mazima, nikaenda kulisha mbuzi.

Alhamisi karani wa kanisa akaingiza tangazo la Mwikali, binti ya jirani yangu, aliyekuwa aolewe Jumamosi na Mutiso, kijana wa Mwala. Kwenye fomu akachagua "harusi", kwa sababu fomu ilikuwa bado na "h" yake. Kabati likaweka "harusi". Kontrola akaileta "harusi" ubaoni. Ubao ukatafuta "arusi", haukuiona, ukaandika: "Kwa huzuni kubwa tunawatangazia habari za wapendwa wetu Mutiso na Mwikali. Ibada itakuwa Jumamosi saa nne. Mungu awafariji jamaa zao."

Majina mawili, ibada moja. Aliyesoma alielewa kwamba ni ajali.

Ijumaa nilikuwa nyumbani kwa akina Mwikali, nimekaa kwenye kiti kizuri, akina mama wanamenya viazi, vijana wanafunga hema, nami nawaeleza jinsi kompyuta isivyokosea. Mara pikapu ikaingia kutoka Kivaa imejaa watu wanaolia. Mbele yao Kasyoka, mjomba wake Mwikali, kofia mkononi. Mzee wa kanisa akiona msiba haulizi maswali, nikasimama.

"Poleni, watu wangu. Kwanza tuombe."

Nikaomba. Nikamtaja Ayubu, nikamtaja Lazaro, nikawaombea wajane ambao sikuwajua, na nyuma yangu Mwikali mwenyewe, nywele zimesukwa nusu, alikuwa amefumba macho akiitikia "Amina" kila nilipovuta pumzi. Nilipomaliza nikamshika Kasyoka bega.

"Sasa, ndugu yangu, ni nani ametuacha?"

"Mwalimu, unaniuliza mimi? Si ni Mwikali!"

"Mwikali gani?"

"Mwikali wetu! Na huyo kijana wa watu!"

"Mimi?" ikatoka sauti nyuma yangu.

Shangazi mmoja wa Kivaa akamwona, akapiga yowe, akarudi kinyumenyume mpaka akakaa ndani ya karai la viazi.

"Nani amewaambia?" nikauliza.

"Kaka yake amepiga simu kutoka Uarabuni akilia! Amesoma kwa tovuti ya kanisa. Si hiyo ni yako, Mwalimu?"

Visu vyote vikasimama. "Aiii, Mwalimu," mama mmoja akasema, "na umetuambia saa hii hii hiyo kompyuta haikosei!"

Wakacheka, nami ningecheka, ila simu ikaingia kutoka Mwala. Bibi yake Mutiso, mama wa baba yake, alikuwa ameambiwa, na amesema msichana aliyetangazwa kufa haingii bomani kwake. Wangoje mpaka baada ya mavuno, halafu wazee waketi waamue. Mwikali akakaa chini pale pale kwenye maganda.

"Mwalimu," akaniambia, "ulinifundisha kuandika jina langu. Leo umeniandika marehemu."

Nikampigia Nduku.

"Anko, uligusa nini?"

"Sikugusa. Nilisahihisha."

"Ulisahihisha wapi?"

"Kwenye ubao."

"Na kwa fomu? Na kwa kabati? Anko, hilo neno liko na nyumba tatu. Umelibadilisha jina kwa moja, hizo zingine hazijui!"

Nikapanda bodaboda, na suti yangu, mpaka Mwala, vumbi lote la njia likiwa mabegani. Nilimkuta bibi akichambua ndengu kwenye ungo. Nikavua kofia nikamweleza yote, kabati, karani, ubao, na ile "h". Alisikiliza bila kuinua macho.

"Ngoja," akasema. "Yaani Mutiso wangu amekufa kwa sababu ya 'alusi' na 'halusi'?" (Wazee wetu wa Ukambani, "r" haikai mdomoni.)

"Ndiyo, mwaitu," nikajibu, maana huyo ni mama kwangu.

"Na ile ya kweli ni gani?"

"Ni 'arusi', mwaitu."

"Mimi niliolewa na 'alusi'. Niko na watoto tisa." Akaanza kucheka, polepole, kisha kwa mwili mzima, ndengu zikamwagika. Alipojifuta macho akaninyooshea kidole. "Kesho waoane. Lakini utasimama mbele ya watu wote useme wako hai. Kwa mdomo wako, si kwa hiyo kioo."

Jumamosi saa nne nikasimama madhabahuni, kanisa limejaa mpaka nje, wengine wamekuja kwa arusi na wengine, nguo nyeusi zikiwashuhudia, kwa mazishi.

"Ndugu zangu," nikasema, "Mutiso yu hai. Mwikali naye yu hai. Aliyekosa ni mimi."

"Sema na jina lako, Mwalimu," mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "tujue kama wewe pia uko hai!"

Kanisa likaanguka kicheko. Mwikali akacheka chini ya shela mpaka Mutiso akamshika mkono, na kwa kicheko hicho namshukuru Mungu hadi leo, kwa maana kingeweza kuwa kitu kingine.

"H" niliirudisha kwa mkono wangu mwenyewe, Nduku akinitazama kama askari. Kisha nikaapa: nikiona tena kosa katika kazi ya mwenzangu nitamuuliza kwanza, hata kama nina hakika, na hasa nikiwa nina hakika.