Fungate ya Lenzi

Kitabu cha kozi, kilichonifikia Temeke kwa meli kutoka Uingereza, kilimwagiza mwanafunzi wa fizikia afanye majaribio ya mwanga katika chumba chenye giza, na amwambie mtumishi ashushe mapazia. Mtumishi sikuwa naye. Pazia nilikuwa nalo moja, la mlangoni, na paa langu lilikuwa la madebe yaliyonyooshwa, tundu kila palipopita msumari. Kila tundu lilitupa sakafuni jua dogo la duara. Niliyaziba yote kwa sabuni na gazeti, nikamaliza Jumapili nzima.

Nilikuwa karani wa bandari, umri wa shule umenipita, nikisomea shahada kwa posta. Nadharia ya mwanga niliijua. Lilibaki jaribio moja la lenzi, kupima ni umbali gani huukusanya mwanga, lifanywe mbele ya mwalimu wa sayansi, naye atie sahihi. Bila sahihi hiyo kuondoka na meli ya Jumatatu, mtihani ningeusikia tu.

Mwalimu alikuja Jumamosi mchana kwa baiskeli, soksi nyeupe hadi magotini. Aliitazama lenzi kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani. Miaka yote alikuwa amechora miale ubaoni kwa rula. Na mwale wenyewe, nadhani, hawakuwahi kukutana.

Nikafunga mlango, nikawasha mshumaa. Nikaisogeza karatasi nyuma ya lenzi hadi moto ukaanza kutokea juu yake, kichwa chini.

"Hodi!"

Katika nyumba ile, mlango uliofungwa mchana ni wa mgonjwa, na mgonjwa hutazamwa. Nikasema karibu, maana hodi haina jibu jingine. Mlango ukafunguka, jua likaingia, moto ukafutika karatasini. Jirani wa chumba cha pili alitaka kujua naumwa nini. Hajatoka vizuri, mkewe akabisha hodi na bakuli la uji.

"Bwana karani," mwalimu akasema akitazama saa, "jibu ni sentimita kumi na tano. Limeandikwa kwenye boksi la lenzi. Andika, nitie sahihi, niende zangu."

"Boksi halifanyi mtihani."

"Wala wewe hutaufanya, kwa mwendo huu."

Nikamfuata mama mwenye nyumba barazani, alikokuwa akisuka ukili, nikamwomba awazuie watu.

"Niwaambie nini? Kwamba unachungulia mshumaa mchana kweupe?"

"Sema chochote, mama."

"Haya. Chochote."

Hodi zikakoma. Nikapima, nikasogeza lenzi, nikapima tena, nikakokotoa. Kila mara nilipata kumi na tano na nusu. Mwalimu alisinzia kitini.

Kilichomwamsha ni vigelegele. Mama mwenye nyumba alikuwa amewatangazia wanawake wa mtaa kwamba karani kaoa bara, bibi harusi kaletwa jana na treni, na wawili hao wamo fungate. Siku saba za fungate hakuna abishaye hodi, hapo hakukosea. Alichosahau ni kwamba maharusi wa fungate hupelekewa chakula.

"Karani! Pilau mlangoni! Mwali wako hali chakula?"

"Mtoe tumwone, au umemfunga kamba?"

Mwalimu akasimama. "Wanamtaka nani?"

"Bibi harusi."

"Yuko wapi?"

Nikamtazama. Akanyakua kalamu, akatia sahihi akiwa wima, macho mlangoni. Namba yangu hakuisoma. Ningeandika maili mbili, angetia.

Alipofungua mlango, wanawake wakamtazama kuanzia soksi kwenda juu, na vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Jamani, mwali wa bara ana masharubu!"

Sijapata kuona baiskeli ikipandwa upesi vile.

Karatasi ikaondoka Jumatatu, na mtihani nikaruhusiwa. Lakini jioni ile ya Jumamosi nilikula pilau na mama mwenye nyumba, sinia moja, na yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kuniuliza nilipata ngapi.

"Kumi na tano na nusu."

"Na boksi lilisema ngapi?"

"Kumi na tano."

Akaacha kutafuna. "Yote haya kwa nusu?"

Nikamwambia ndiyo, nikaongeza nyama.