Jina la Mama Mkwe Ndani ya Simu

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na sufuria moja. Shule niliiacha darasa la nne, na leo unga mwingi unaoliwa mtaani kwetu unapita kwenye mashine yangu ya kusaga. Kwa hiyo mtu asinifundishe simu. Ile programu inayokuonyesha jina la mtu anayekupigia, hata kama humjui, mimi ndiye niliyeiweka wa kwanza hapa. Iliuliza maneno mengi, nikabonyeza "kubali" kila fasi. Nani ana muda wa kusoma?

Sikujua kwamba nimewapa wenye programu majina yote ya simu yangu, vile vile nilivyoyaandika.

Sasa, kwetu Kivu, Kongo, mkwe hatamki jina la mama mkwe wake, sembuse kuliandika. Ndiyo maana namba yake niliiandika Tingatinga. Mimi niliona ni heshima: akipita mahali, pote panabaki sawasawa.

Mama mkwe akapeleka maharagwe mjini Mbarara. Akampigia mnunuzi wa mtaa wa Nyamityobora, mwenyeji Mnyankole ambaye hajawahi kuonana naye.

"Halo, Tingatinga!" akaitikia yule bwana. "Wewe nakuja kutengeneza barabara?"

"Nani amekuambia hilo jina?"

"Simu yenyewe nasema, mama."

Hakuuliza zaidi; mtaa wetu mzima unajua nani alileta programu ya majina. Aliporudi alisimama nje ya mlango wangu, akamwambia mke wangu kwa sauti ya kunifikia mimi chumbani: "Ambia bwana yako, miye sitakanyaga mu hii nyumba mpaka lile jina litoke mu masimu ya batu."

Na wageni wa kuleta dote, mahari ya binti yangu wa kwanza, walikuwa karibu kufika! Bila bibi yake kukaa mu salon ya wageni, nani angepokea mbuzi wa mahari? Binti akalia. "Papa, utaniharibia ndoa juu ya simu?"

Nikawaandikia wenye programu, kwa ukali wa mtu mwenye mashine: futeni. Wakajibu kwa adabu kwamba mwenye namba ndiye mwenye haki ya kuona walichoandika juu yake, kukisahihisha au kukifuta. Namba hii si yako.

Ikabidi kumbembeleza aje. Kwa kuwa hatutazamani usoni, tulikaa uani mgongo kwa mgongo, mke wangu katikati. Intaneti iko kwenye simu yangu. Namba ya siri ilitumwa kwenye kitochi chake, kisimu kisicho na intaneti. Yeye akaisoma, mke akairudia, mimi nikabonyeza.

"Mwambie mama, wanauliza kama wafute."

"Muulize mukwe wangu, haki yangu ni kufuta tu?"

"Mwambie, hata kusahihisha."

Nikamsikia anacheka kwa pua. "Basi basahihishe. Baandike: Mwenye Mashine ya Kusaga."

"Ni mimi huyo!" nikamjibu moja kwa moja, mila nimeisahau.

"Na bageni ba dote," aliuliza hewa, "banakuja lini?"

Nikaandika.

Siku ya dote alikaa kiti cha mbele, akapokea mbuzi, na binti yangu akang'aa. Tangu hapo, akiwapigia wanunuzi wa maharagwe kule Ruti, Mbarara, wanamsalimu kwa heshima na kumwagiza unga. Yeye anawapangia siku. Mimi ninasaga.

Nimewaandikia tena wenye programu. Safari hii wamejibu upesi: namba hii si yako.