Pale Palikuwa na Nyumba

Mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, hakuna nambari za nyumba, na zingekuwepo mtu angeshazing'oa akauze vyuma. Ukimpelekea mtu mzigo, unampigia simu naye anakuelekeza: "Shukia kwa mti iliyokatwa, upinde pale kulikuwa na posho mill, halafu uulize." Mti wenyewe ulikatwa mwelekezaji akiwa tumboni. Posho mill, kinu cha kusagia unga, iliungua. Nangila Opicho amesambaza vifurushi kwa miguu huko miaka tisa, na hajawahi kurudi na hata kimoja.

Kwao Bungoma jina Nangila hupewa msichana aliyezaliwa njiani. Mama yake alikuwa akielekea kliniki. Nangila hakuwa na subira, na hadi leo hana.

Mbio za ramani alizipatia kazini. Alipeleka mzigo msitu wa Ngong, akakuta watu wazima, wenye kazi na watoto, wakihangaika vichakani kutafuta vibendera.

"Nani amewafichia?"

"Tumejifichia wenyewe."

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaomba ramani, akavipata vyote, akawangoja wenyewe akitafuna njugu.

Baada ya miaka miwili alikuwa na klabu yake ya mbio hizo mtaani Mowlem: yeye na wanawake watatu, kapteni akiwa Mukami, fundi wa nguo. Ndipo mwaliko wa mbio ukaja kutoka Lapland, kaskazini kabisa mwa Ufini. Ulikuwa wa mtu mmoja. Akifikia vituo vyote tisa vya bendera na kurudi ndani ya saa mbili, mwaka ujao klabu nzima itaalikwa. Akishindwa, ahsante kwa kuja.

"Yaani unapanda ndege ukapotelee kwa msitu ya wazungu?" Mbaluka, mwenzake wa vifurushi, alimuuliza. "Si upotelee tu hapa Reuben, ukuwe nyumbani jioni?"

"Hapa siwezi kupotea, Mbaluka. Mdomo wako unasikika kutoka kila kona."

Mukami hakutania. "Dada, sisi pasipoti tushachukua. Usituletee salamu. Tuletee mwaliko."

Siku ya mbio ilikuwa Julai, karibu saa saba mchana. Nangila aliingia msituni na dira aliyoinunua soko la Muthurwa, ambayo nyumbani haikuwahi kumdanganya. Huko Lapland, karibu na ncha ya dunia, sindano yake ilivutwa chini, ikainamisha kichwa na kukwama kama mzee anayesinzia katikati ya mahubiri. Aliitikisa. Ikaendelea kulala.

Si neno. Jua lipo. Nairobi, mchana wa Julai, jua hukaa upande wa kaskazini. Kila msambazaji anajua linapomchoma. Akaigeuza ramani, kaskazini yake ikaelekea jua, akatimua mbio.

Alikimbia dakika ishirini na tano. Akamwona mzee mwenye namba kifuani, na miaka tisa ya Reuben ikamponyoka mdomoni: "Shikamoo baba, samahani, hapa ndio wapi?" Mzee alitoroka kana kwamba amedaiwa mchango wa harusi. Ndipo akakumbuka sheria: kwenye mbio hizi, kuuliza ni kosa.

Mbele yake kukatokea ziwa. Kwenye ramani lilipaswa kuwa kushoto. Lilikuwa kulia, limetulia, halina haraka na mtu. Nangila alilitazama ziwa, akalitazama jua, akaelewa: huku juu kabisa ya dunia, jua la mchana hukaa kusini. Alikuwa amekimbia kinyume, na kwa bidii.

"Hata jua la hawa watu limehama mtaa!" alisema kwa sauti. Akaipindua ramani, akawafikiria wenye pasipoti, akakimbia upya.

Vituo vinane alivipata. Cha tisa, kwenye ramani, kilikuwa na alama ya nyumba iliyobomoka, zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Wakimbiaji watatu walikuwa wakizunguka hapo, shingo juu, wakitafuta nyumba. Nyumba haikuwepo. Kulikuwa na kuvu ya kijani, nene kama zulia, na miti, na mbu wenye ukubwa wa kuandikishwa kura.

Nangila alisimama. Taratibu tabasamu likamjia. Kumbe hata Wafini! Wametoka wakapima nchi yao yote, wakachapa ramani ya rangi tano, halafu wakakuelekeza kwa nyumba isiyokuwepo.

Aliacha kutafuta nyumba, akaanza kutafuta mahali palipokuwa na nyumba. Chini ya kuvu mawe yalikuwa yamejipanga mstari, yakapinda kona kama ukuta. Kwenye kona ya ndani, nyuma ya vichaka, bendera.

Alivuka mstari wa mwisho kwa saa moja na dakika hamsini na saba, soksi moja imebaki matopeni. Mwandaaji alimpa mkono na karatasi iliyopigwa muhuri: watu wanne, mwaka ujao. Nangila akampigia Mukami, na upande wa pili cherehani ikanyamaza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Anza kushona makoti manne."

Kukawa na kelele za watu watatu wanaogombania simu, kisha Mukami akarudi akihema. "Sasa huko tutafikaje, dada? Tuelekeze."

"Mkitoka ziwani mtaona pale palikuwa na nyumba," Nangila alisema. "Halafu chonde, msiulize mtu."